Mtoto Hajui Kutema

Aliyemlisha mungu wa Baniani mirungi ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia kabla ya wakati. Mungu mwenyewe alikuwa mtoto wa shaba anayetambaa, mwenye ukubwa wa kiganja changu, na dini yangu inaniambia kuwa shaba ni shaba, haili wala hainywi. Najua. Siku ile pia nilijua, na ndiyo maana nilijidanganya kuwa sikumfanyia mtu ubaya.

Jina langu Mukhtari. Asili yetu ni kisiwa cha Chula lakini nimekulia Kismayu, na kazi yangu ni kukalafati vyombo: natia pamba iliyolowa mafuta katika nyufa za mbao, naishindilia kwa patasi na nyundo mpaka maji yakose pa kupenya. Kazi hii inataka mkono na sikio. Ufa ulioshiba pamba una sauti yake ukiugonga, na wenye njaa una yake. Mirungi ilikuwa imeniharibia mkono na sikio vyote viwili, na nilikuwa nalificha jambo hilo kama mtu anavyoficha kidonda.

Jahazi la Wahindi lilikuwa la mbao, kubwa, lenye injini. Lilishusha sukari na mchele, kisha likazuiliwa palepale bandarini, maana mwenye chombo na mwenye shehena walikuwa wanashitakiana huko wanakojua wenyewe. Miezi ikapita. Mabaharia wakapandishwa ndege mmojammoja, wakarudi kwao Gujarati. Akabakishwa fundi wa injini peke yake, kwa sababu chombo kisicho na mtu hugeuka mali ya kila mpita njia. Huyo ndiye Jivan.

Mimi niliitwa kwa ajili ya ubavu wa kushoto, uliokuwa umeanza kuvuja. Nikamkuta mtu mwembamba wa makamo, kaka yangu kwa umri, amekaa sitaha akiitazama Kismayu kama abiria anayetazama kituo kisicho chake. Alikuwa haendi mjini, anaogopa. Kiswahili chake alikiokota Mombasa na Unguja katika safari za ujana, na kilikuwa na mashimo, lakini kilitosha kwa kucheka. Siku ya kwanza alinipa chai ya iliki. Siku ya pili nikampa mirungi.

Ndiyo, mimi. Hakuomba. Ilikuwa saa nane mchana, ndege ya mirungi imeshatua, mji mzima umechangamka, na mimi nilikuwa nimenunua fungu langu kwa Bi Dalila langoni mwa bandari. Nikaona si adabu kutafuna peke yangu mbele ya mwenyeji. Nikamchagulia vijiti vya juu, vile vyekundu laini.

Kwetu fungu halifunguliwi kavukavu. Mikono inainuliwa, inasomwa Fatiha, wanaombewa wagonjwa na wasafiri, ndipo majani yanapoingia mdomoni. Wazee wetu walitafuna ili wakeshe wakimtaja Mola. Sisi tukaacha kukesha tukabaki na kutafuna. Jivan alinitazama nikiinua mikono, akauliza, "Mungu wako anapenda hii?" Nikacheka mpaka nikakohoa.

Basi tukawa wawili. Miezi kumi na mmoja, kila alasiri, katika chumba kidogo nyuma ya usukani. Mke wangu Zakia alikuwa ameshaondoka, amerudi kwa kaka yake Kiunga. Hatukujaaliwa mtoto wa kumzuia. Siku anaondoka aliniambia, "Nimechoka kuolewa na shavu." Katika baraza za mjini wenye nafasi wanakaa na wenye nafasi, na Mbajuni kama mimi anaonyeshwa mkeka wa karibu na viatu. Kwa Jivan nilikuwa na mto wangu. Sikuwa na rafiki mwingine, na hilo lazima ulijue, ingawa si udhuru.

Siku moja simu yake ililia tukiwa katikati ya fungu. Alikuwa binti yake Hema, wa miaka tisa, uso wake umejaa kioo chote. Jivan alijifunika shavu kwa mkono kama mwenye jino bovu. Mtoto akauliza jambo, baba akajibu upesi, akakata. Kisha akatema majani yote mkononi, akayatazama.

"Kauliza nini?" nikamwambia.

"Ameuliza Lalji amekula."

"Lalji ndiye nani?"

Akavuta kasha kutoka chini ya kitanda. Ndani, katika nguo za kitoto, vitambaa vidogo vya hariri vilivyofifia, alikuwa amelala yule mtoto wa shaba. Mama yake Jivan alimtunza miaka arobaini: akimwamsha, akimwogesha, akimvika, akimlisha, akimlaza. Alipokufa, kazi ikawa ya Jivan. Kwa watu wa njia yao huyo si pambo la kuwekwa rafuni. Ni Krishna aliyekubali kuwa mdogo ili mtu apate wa kumhudumia, na anayepokea kazi hiyo haiweki chini. Jivan alikuwa ameiweka chini miezi kumi na mmoja. Amemfunga kitambaa usoni asione.

"Nimemwambia binti yangu amekula," akasema. "Nimesema amekula maziwa na ndizi."

Kesho yake nilifika na mafungu mawili kama ada. Chumba kimesuguliwa, sakafu bado mbichi. Jivan ameoga, amevaa shuka safi, na juu ya kasha lililogeuzwa alikuwa ametengeneza kitanda cha bembea kwa waya wa shaba na kipande cha tanga, mbele yake pazia. Akaninyooshea kiganja kabla sijaketi.

"Leo hapana, Mukhtari bhai," akasema; bhai kwao ni ndugu.

"Waumwa?"

"Saa kumi mtoto anaamka."

Akanieleza, na nakueleza alivyonieleza. Huyo mtoto hulala mchana, na saa kumi alasiri huamshwa, akapewa matunda, na baadaye kitu kitamu kilichopikwa. Kinywa chenye majani hakiwezi kumwamsha. Tena mtumishi wake hali chochote ambacho hakikuwekwa kwanza mbele ya mtoto. Anapika bila kuonja, anaweka, anavuta pazia, anasubiri nje, kwa sababu si heshima kumkodolea macho anayekula. Pazia likifunguliwa, kilichobaki ndicho chakula cha mtumishi, wanakiita prasadi.

"Kitu siwezi kumpa yeye," akasema, "mimi sili."

"Kwa hivyo mirungi utaishinda kwa mwanasesere?"

Niliudhika, ndiyo maana nilisema hivyo. Yeye hakuudhika. "Kushinda siwezi. Nimejaribu mara nne, wewe hujui. Nimefunga mlango, nimefunga mkono. Sasa sishindani. Ile saa ya mirungi nimempa mtu mwingine."

Nikakaa nikatafuna peke yangu mbele yake kwa makusudi.

Siku ya tatu alitetemeka mpaka kikombe kikamwagika. Siku ya tano alilala tangu alfajiri, nikadhani amekufa, lakini saa kumi kasoro dakika chache aliinuka kwa mikono na magoti, akanawa, akagonga kengele ndogo, akamwimbia yule mtoto kwa sauti ya mtu mwenye homa. Siku ya tisa alinifukuza kwa matusi ya Kigujarati, kisha akanifuata ngazini kuniomba radhi. Hamu ikimjia aliingiza mkono katika mfuko wa kitambaa uliokuwa na tasbihi yake ya mbao, akavuta chembe mojamoja humo ndani bila kuionyesha kwa mtu, midomo ikirudia maneno yaleyale. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Krishna ni kimbilio langu." Basi. Mamia kwa mamia, hayo hayo.

Nilimsimulia mama yangu, Mwanabibi, nikitaka acheke. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa," akasema. "Kiazime ukivae."

"Mama, yule mchu yuabembeza shaba!"

"Nimesikia. Shaba haina mato wala masikio, na imemtoa majani mdomoni. Weye Mngu wako akuona usiku na mchana, na waona haya na wachu tu." Akapuliza makapi. "Haya, nipishe mwangaza."

Sijawahi kumpiga mtu kwa neno alilosema, lakini siku ile nilikipiga teke kiti. Mwanamume wa miaka arobaini na miwili, akipiga teke kiti mbele ya mama yake.

Lililonichoma zaidi lilikuja baadaye. Kufikia siku ya ishirini na kitu mikono ya Jivan ilikuwa imetulia. Alifungua pampu iliyokuwa imekufa, akaisafisha, akaifufua. Uso ulimjaa. Binti yake alipopiga simu alimgeuzia kioo amwone Lalji amevaa kofia mpya, na binti akapiga makofi kule alikokuwa. Mimi nilikuwa chini, kwenye jukwaa la kamba ubavuni, nagonga pamba. Akainama juu ya ukingo, akasikiliza, akasema kwa upole, "Mukhtari bhai, hapo bado wazi."

Nikagonga tena. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Nikashindilia pamba, nikagonga, nikashindilia tena. Mpaka akasema, "Sasa sawa." Fundi wa injini, mtu wa mafuta na chuma, amenisikilizia kazi yangu mwenyewe niliyorithi kwa babu. Nilisema ahsante. Moyoni nilimchukia kiasi cha kuogopa.

Bi Dalila huwasagia wazee wasio na meno majani makavu, wanayakoroga katika chai. Nikamwomba karatasi moja ya unga ule.

"Warya Mukhtari, kwenu nani hana meno?"

"Mama yangu," nikasema. Hata hilo nililisema.

Kwa kuwa Jivan haendi mjini, mahitaji yake nilimnunulia mimi: maziwa, ndizi, siagi, semolina, na sukari guru, maana mtoto, alisema, anapenda halua ya sukari guru kuliko kitu chochote. Sukari guru ni nyeusi na ina uchungu wake wa mbali. Nikaitwanga, nikachanganya na ule unga, nikaikanda tena kwa maji kidogo ikawa bonge. Nilifanya hivyo mchana kweupe, katika uwanja wetu, huku mama yangu akipita na ndoo.

Nilitaka nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilitaka mwili wake ukumbuke. Sikumtakia maradhi wala mauti. Nilitaka aonje, damu ichangamke, kesho aniambie niketi, tugawane fungu, tuwe wawili tena walioshindwa. Na nilijua kuwa haonji kabla ya kumpa mtoto. Nililijua hilo vizuri, ndilo nililolitegemea.

Ilikuwa siku yake ya thelathini na moja. Aliikaanga semolina kwa siagi, akatia maziwa, akavunja sukari guru kwa vidole, akakoroga. Chumba kikajaa mvuke. Niliona amesita mara moja, mwiko umesimama katika sufuria. Kisha akaendelea. Akapakua katika kibakuli, akakiweka mbele ya bembea, akavuta pazia, akatoka tukakaa wote sitaha, yeye mkono wake ndani ya ule mfuko.

Muda ulikuwepo. Robo saa nzima, labda zaidi. Ningeweza kusema, "Jivan, usimpe, mna kitu." Meli ya samaki ilikuwa inapakua barafu jirani yetu na watu wanabishana. Nilitazama kucha zangu.

Akaingia, akapiga kengele, akafungua pazia. Kama kawaida alinitengea sehemu yangu katika kisahani, na kama kawaida nikakataa, kwa sababu chakula kilichowekewa sanamu kwetu si halali. Mtu nimetia sumu kwenye chungu cha mwenzangu, na nilikuwa bado nachagua halali na haramu. Akala kijiko kimoja.

Ghafla akaacha kutafuna.

Hakunitazama. Aliruka. Alimnyakua yule mtoto kutoka kwenye bembea, akamwaga mtungi wa maji mzima juu yake, akamlaza kwenye kiganja, na kwa kidole chake kidogo akaanza kumsugua mdomo. Mdomo wenyewe ni mkwaruzo tu katika shaba. Akausugua, akamwaga maji, akausugua, akimwambia maneno ya Kigujarati ambayo hayakuhitaji tafsiri, kwa maana mama yeyote huyasema mtoto akimeza kitu. Machozi yalimdondoka mpaka kwenye shuka.

Mimi nikasema neno baya kuliko unga wote niliotia. Nikasema, "Jivan, ni shaba."

"Mimi ninaweza kutema," akasema. "Mtoto hajui kutema." Halafu akanitazama. "Toka."

Kesho yake nilinunua fungu langu kama siku zote, nikaketi nyumbani, nikainua mikono nisome Fatiha. Nikafika Alhamdu. Nikaona kile kidole kinasugua ule mdomo. Nikaanza upya, nikakwama palepale. Siwezi kukwambia nilitubu, wala sikuwa shujaa. Nikaliacha fungu likanyauka kwenye kizingiti, na jioni nikaanza kutetemeka, na usiku wake sitausimulia.

Saa kumi ya siku ya pili sikujua nijiweke wapi. Saa ile ilikuwa imekaa mbele yangu tupu kama chumba kilichohamwa. Nikaenda bandarini, nikapanda jukwaa langu la kamba ubavuni mwa chombo, nikagonga pamba. Jivan hakunikaribisha na sikuthubutu kupanda. Nilimtaja Mola wangu kwa kila pigo la nyundo, kimyakimya, Ya Latifu, Ya Latifu, nusu kwa kumwomba na nusu kwa kuzuia meno yasigongane. Juu sikusikia kengele, wala kuimba. Mlinzi wa gati aliniambia, "Rafiki yako hapiki. Yuanywa maji tu."

Siku ya tano ya kufunga kwake alijitokeza ukingoni. Nilishtuka. Macho yameingia ndani, ndevu nyeupe zimeota. Akaniita kwa mkono.

Nikapanda, nikapiga magoti. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima, yakanitoka ovyo. Nikamwambia ni mimi, ni unga wa Bi Dalila, nilikuwa na wivu, nisamehe, na kama hunisamehi nipige.

"Mimi najua," akasema. "Keti."

Alizungumza akiitazama sufuria iliyofunikwa.

"Wewe ulitia. Mimi nilinusa."

Sikumwelewa.

"Sukari ilipoingia katika maziwa moto, nilinusa mirungi. Miezi kumi na mmoja, pua yangu haijui? Nilisimamisha mwiko. Na moyo wangu, Mukhtari bhai, moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi sana. Ukasema, koroga, hujui kitu, huyu ni rafiki, hii ni harufu ya guru tu. Nikakoroga. Nikampelekea mtoto kwanza, ili nikila mimi iwe prasadi, iwe halali yangu." Alitikisa kichwa polepole. "Wewe ulidanganya mtu. Mimi nilimtumia Yeye."

Ningependa kukwambia kuwa nilipata nafuu kusikia kuwa dhambi si yangu pekee. Nilipata, kwa muda wa pumzi moja, kisha nikaona haya kwa nafuu yenyewe.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa mimi si mtu wa kumlisha. Mama alisema, asiyeweza ampe mwenye kuweza. Hapa Kismayu nani? Na asipopatikana mtu, basi apewe maji."

Nilijikuta nimeshika lile kasha kwa mikono miwili. Mimi, mtoto wa Mwanabibi, niliyesomeshwa chuoni na Maalimu Adnani kwa bakora, namsihi Baniani asilitose baharini sanamu lake. Nikamwambia, "Nisikilize, nduu yangu. Siku tano sijatia jani mdomoni. Si kwa nguvu zangu, ni kwa ulivyomwosha yule mtoto. Kumbe njia yako inafanya kazi hata kwa mwizi. Basi kwako itakosaje? Umeanguka mara moja. Anza siku ya kwanza, nami niko siku ya tano, tutakwenda pamoja. Usimpe maji."

Akaniambia nifungue kinywa. Akainama, akanusa pumzi yangu kama daktari. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona anataka kutabasamu.

"Safi," akasema.

"Basi kesho saa kumi nije tumwamshe?"

Akaitazama bembea. "Kesho," akasema.

Nilirudi mtaani kwetu Alanley nikitembea katikati ya barabara, bajaji zinanipigia honi. Mama aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia kesho ataona.

Kesho yake nilinunua ndizi za kisukari, zilizoiva bila doa, nikaoga mara mbili. Nilifika kabla ya wakati. Pazia lilikuwa wazi. Bembea ilikuwepo, kitandani mwake hamna mtu. Jivan alikuwa ameketi kwenye mto wangu, shavu limevimba, vijiti vimetapakaa miguuni. Alikuwa amemtuma mlinzi wa gati.

"Nimempa maji jana," akasema, "maji yalipojaa."

Niliweka ndizi chini. "Ulinambia kesho. Ulinusa ukasema safi!"

"Ndiyo. Ulipoondoka, nilifurahi kwa ajili yako. Nilifurahi mpaka jua likashuka. Halafu nikafikiri, huyu haamini, hamjui, hajamfanyia kazi siku moja, naye yuko safi. Mimi mama yangu miaka arobaini, mimi nimemwimbia, na mimi nimeoza." Akahamisha majani shavu la pili. "Nikaona wivu, Mukhtari bhai. Wivu ule ule wako."

Nilizama kumtafuta. Sisi watu wa visiwani tunazamia kamba na majongoo ya bahari tangu utotoni, nikajiona nina haki ya kujaribu. Nilizama mara mbili, kila maji yalipokupwa, chini ya mkuku wa jahazi, nikipapasa tope kwa mikono. Nilipata misumari, chupa, pingili za mnyororo. Mlinzi aliniuliza natafuta nini, nikasema patasi yangu imeanguka. Jivan aliniona kutoka juu na hakusema nizame wala niache.

Kesi ya chombo haijaisha hadi leo. Yule mlinzi alihamishiwa kwengine, na alasiri moja Jivan akaniomba nimletee yeye fungu lake. Nikamwambia, kitu chochote, si hicho. Nikakaa naye. Alitetemeka, akanitukana, akalia, akaniita majina ya wazazi wangu ambayo nilimtajia mwenyewe. Nilimwambia ataje lile jina lake, atie mkono katika mfuko wa tasbihi. Akasema mfuko alimpa mtoto aende nao. Mwisho aliinuka kwenda mjini kwa miguu yake, shati wazi, hajui njia wala lugha ya askari wa langoni, na siku hizo askari walikuwa wanapiga kwanza. Nilimrudisha, nikamketisha, nikaenda mimi.

Bi Dalila alinichagulia fungu bichi. "Umerudi, mume," akasema, na wanawake wenzake wakacheka. Nikalibeba.

Tangu siku hiyo naenda kila siku. Namchukia kwa hilo, na mimi najichukia zaidi, na bado naenda, maana simpati mwingine wa kumwachia. Ubavu wa kushoto umekauka, hauvuji tone, nimeugonga wote nikiusikiliza kwa masikio yangu mwenyewe. Mtaani wanasema Mukhtari alijaribu akashindwa. Zakia amelisikia huko Kiunga, akaniletea salamu kwa kaka yake kwamba hashangai.

Jana nilimpakulia mama chakula, naye akanishika kifundo cha mkono, akavinusa vidole vyangu, kimojakimoja. Akauachia mkono wangu, akasogeza sahani.

"Kanawe," akasema. "Nami ndipo nle."

Ilikuwa siku yangu ya sitini na mbili bila kutafuna. Nilitaka kumwambia. Nikafikiri kama nitamweleza hilo itabidi nimweleze na yule mtoto, na ule unga, na kuwa nilisema ni wake yeye. Nikaenda kunawa.